Mafuta ya Taa Hudhuru Mapafu: Historia Ambayo Kila Mlezi Afaa Kuijua

Leo tunazungumza juu ya mafuta ya taa na ndugu zake: petroli, dizeli na mafuta ya kuchanganyia rangi.

Mazungumzo ya leo ni ya historia. Huenda ukauliza, historia itamsaidiaje mtoto aliyekunywa mafuta ya taa? Itamsaidia sana. Mtoto akishayanywa, watu wengi hukimbilia kumtapisha, au kumnywesha maziwa mengi ili atapike. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kule kumtapisha ndiko kunakoweza kumwua. Desturi hiyo ilitoka wapi? Na mafuta ya taa yaliingiaje ndani ya chupa ya soda? Ukiyajua majibu ya maswali haya mawili, utajua la kufanya siku ya hatari, na utajua namna ya kuizuia siku hiyo isifike.

Mafuta ya taa yalivyotufikia

Zamani wazee wetu hawakuwa na mafuta ya taa. Milimani Taita mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kuni kwenye mafiga. Pwani watu waliwasha taa ndogo za mafuta ya nazi au ya simsim. Ulaya na Marekani walitumia hata mafuta ya nyangumi. Kisha mwaka 1846 Abraham Gesner, mtu wa Kanada, alionyesha kwamba makaa ya mawe yanaweza kutoa mafuta mepesi yanayowaka vizuri. Mwaka 1859 Edwin Drake akachimba kisima cha mafuta huko Titusville, Marekani. Baada ya hapo mafuta ya taa yakawa bidhaa rahisi iliyosafirishwa dunia nzima.

Kwetu sisi yalikuja kwa meli, kisha kwa gari la moshi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Kufikia mwaka 1898 reli ilikuwa imekwisha kupita Voi na kufika Tsavo, pale ambapo simba wawili walisumbua wajenzi. Mwaka 1901 ilifika Ziwa Viktoria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau kuelekea Taveta, ili wapigane na Wajerumani. Vita vilikwisha, reli ikabaki, na bidhaa za dukani zikawa zinafika hata mahali ambapo awali zilibebwa kichwani. Miongoni mwa bidhaa hizo yalikuwamo mafuta ya taa.

Yalikuja ndani ya mikebe mikubwa ya bati ya galoni 4, yaani karibu lita 18. Mkebe huo unaujua vizuri: ndilo debe. Debe tunalopimia mahindi leo lilianza kama mkebe wa mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, watu hawakulitupa. Walilitekea maji, walilipimia nafaka, na bati lake likafuliwa likawa koroboi.

Hapo pana funzo la kwanza, mama. Tangu siku za mwanzo, chombo cha mafuta ya taa na chombo cha chakula na maji vilibadilishana kazi. Chombo kilikuwa kimoja, na shughuli zilikuwa mbili.

Tena, si kila mtu aliweza kununua debe zima. Wengi walinunua kidogo kidogo, ya kutosha usiku mmoja au miwili. Mwenye duka alipima, na mnunuzi alikuja na chombo chake. Chombo kilichopatikana nyumbani kilikuwa chupa tupu: zamani ya kioo, baadaye ya plastiki iliyokuwa na soda, juisi au maji. Kwa hiyo chupa ya soda yenye mafuta ya taa haikutokana na uzembe wa mama. Ilitokana na uchache wa pesa, na kuuziwa bidhaa ya hatari bila chombo chake.

Baadaye mafuta yalizidi kuwa karibu nasi. Miaka ya 1960 kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi Changamwe, Mombasa, na kilisafisha mafuta hadi mwaka 2013. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, nalo linapita katika ardhi yetu. Ukipita Maungu utaona kituo cha kuyasukuma. Mafuta ya taa nayo husafiri humo.

Madaktari nao walichukua muda mrefu kuelewa

Sasa tuje kwa swali la kutapisha. Usidhani kwamba nyanya zetu walilizua wenyewe. Hata madaktari wakubwa wa ng'ambo walifikiri hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Mwanzoni watu hawakuyaogopa mafuta haya hata kidogo. Karibu mwaka 1850, huko Marekani, mfanyabiashara Samuel Kier aliyauza mafuta yatokayo ardhini kama dawa ya kunywa. Hata kwetu wapo waliowahi kuyatumia mafuta ya taa kutibu minyoo, chawa au kikohozi. Hiyo si dawa, na haijawahi kuwa dawa.

Mwaka 1897, wakati reli yetu ikijengwa, taarifa ya kifo kilichotokana na kunywa mafuta ya taa ilichapishwa katika jarida la madaktari huko Marekani. Ni miongoni mwa taarifa za kwanza za namna hiyo. Baada yake zilifuata nyingi, na wagonjwa walikuwa hasa watoto wadogo. Madaktari waliona jambo la ajabu: mtoto amekunywa, lakini kinachougua ni kifua. Anakohoa, anahema, mapafu yanajaa maji. Kwa nini?

Wengi walijibu kwamba mafuta hutoka tumboni, huingia katika damu, na damu huyapeleka mapafuni. Ikiwa ni hivyo, basi dawa ni kuyatoa tumboni upesi. Kwa sababu hiyo watoto walitapishwa, au walipitishiwa mpira mdomoni wakaoshwa tumbo. Ushauri huo uliandikwa vitabuni, ukafundishwa, ukaenea duniani.

Wengine walikuwa na jibu tofauti. Walisema mtoto hupaliwa. Mafuta hupotea njia kooni, na badala ya kushuka kwenye umio huingia kwenye koromeo la hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Horace Gerarde alilipima jambo hili kwa wanyama wa maabara. Akaona kwamba mafuta ya taa machache mno yakiingia katika njia ya hewa yanaua, ilhali kiasi kikubwa mara nyingi zaidi kikiwa tumboni hakiui.

Mwaka 1953 kituo cha kwanza cha Marekani cha kushughulikia sumu kilianzishwa Chicago, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Daktari Edward Press. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi mkubwa uliokusanya habari za mamia ya watoto waliokunywa mafuta ya taa na mafuta ya jamii hiyo. Walitaka kujua kama kuoshwa tumbo kunasaidia. Mjadala haukuisha siku hiyo, lakini kadiri miaka ilivyopita ushahidi ulielemea upande mmoja: sumu hii hudhuru hasa kwa kupaliwa, na kila mtoto anapotapika hupata nafasi nyingine ya kupaliwa.

Dawa ya kutapisha iliyoitwa ipecac iliendelea kuwekwa katika nyumba nyingi za Marekani kwa ajili ya sumu za kila aina. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kiliacha kuipendekeza nyumbani. Na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha matibabu ya watoto hospitalini, lilisema wazi kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au petroli asitapishwe.

Umeona, mama? Kutoka mwaka 1897 hadi miaka ya 2000 ni zaidi ya miaka 100. Nyanya anayekwambia "mtapishe haraka" anarudia yale waliyoyasema madaktari wa enzi yake. Usimgombeze. Mweleze kwa heshima kwamba elimu imesonga mbele.

Kinachotokea ndani ya kifua

Maji yakimwagika mezani, hukaa mahali pamoja. Mafuta ya taa hutambaa. Ni mepesi na yanateleza, na tone moja husambaa mbali. Mtoto akiyaonja, ladha kali humshtua, anavuta pumzi, anakohoa. Hapo hapo matone machache yanaingia njia ya hewa na kutambaa hadi chini kabisa.

Mapafu yetu yana vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Ndani yake kuna utando mwembamba wenye utelezi, unaovizuia visinywee na kushikamana. Mafuta ya taa huuharibu utando huo. Vifuko vinanywea, vinavimba, vinajaa majimaji, na hewa haipiti. Hii ni nimonia, lakini si ile ya vijidudu. Ni mchomo wa dawa kali. Ndiyo sababu vidonge vilivyobaki nyumbani haviwezi kuizuia.

Mara nyingi kikohozi huanza mara moja au ndani ya nusu saa. Lakini mtoto anaweza kuonekana mzima, akacheza, kisha akazidiwa baada ya saa kadhaa. Hali huweza kuendelea kuwa mbaya kwa siku 1 hadi 3. Kwa hiyo usiseme, "Mbona anacheza, tungoje kesho."

Mafuta mazito nayo yana hadithi yake. Mwaka 1925 Daktari Laughlen wa Kanada alieleza nimonia iliyowapata watu waliotiwa mafuta puani kama dawa. Miaka ya 1990 madaktari wa kusini mwa Saudi Arabia walieleza watoto wachanga waliougua mapafu baada ya kunyweshwa samli kwa nguvu au kutiwa mafuta puani, kama ilivyokuwa desturi. Mafuta mazito hayachomi haraka kama mafuta ya taa, lakini hukaa mapafuni muda mrefu, na mtoto hukohoa wiki baada ya wiki. Kwa hiyo usimdondoshee mtoto mafuta ya aina yoyote puani, na usimkabe mtoto anayelia ili kumnywesha samli au mafuta. Mtoto anayelia anavuta pumzi, na anayevuta pumzi hupaliwa.

Watu wazima hawajasalimika. Huko Ulaya wapo wachezaji wa maonyesho wanaopuliza moto kutoka mdomoni, na madaktari wameeleza ugonjwa huu kwao. Hapa kwetu, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, anayenyonya dizeli au petroli kwa mpira ili kuihamisha kutoka tangi hadi jerikeni anajitia katika hatari ile ile. Mwambie mumeo, mwambie kijana wako.

Ikitokea, fanya hivi

Kwanza, usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi wala ya sabuni.

Pili, usimlazimishe kunywa kitu. Maziwa mengi, mayai mabichi na mafuta ya kupikia hayaui sumu hii. Hujaza tumbo na kuleta kutapika.

Tatu, mwondoe mbali na moto, jiko na koroboi. Mvue nguo zilizolowa mafuta, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umfunike vizuri.

Nne, mbebe akiwa wima. Akitapika mwenyewe au akiwa na usingizi mzito, mlaze ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo, ili matapishi yatoke nje. Usimlaze chali.

Tano, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Iwapo uko karibu na Voi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi; milimani kuna Wesu; upande wa mpakani kuna hospitali ya Taveta. Ukiwa mbali, anza na zahanati iliyo karibu, nao watakuelekeza. Beba ile chupa, na ueleze saa aliyokunywa.

Dalili za hatari ni hizi: kikohozi kisichokoma, kupumua kwa haraka, pua kupanuka, mbavu kuingia ndani anapovuta pumzi, midomo kugeuka rangi ya buluu, usingizi usio wa kawaida, au degedege. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua haraka mno.

Hospitalini huenda wakampa oksijeni, wakampiga picha ya kifua, wakamwangalia kwa saa 6 au zaidi. Wasipomwosha tumbo, usidhani wamempuuza. Wanamkinga na hatari ya pili.

Chupa ndiyo ya kubadilishwa

Mwaka 2008 madaktari wa Kilifi, jirani zetu wa Pwani, walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kenya waliolazwa kwa kunywa mafuta ya taa. Kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali. Mtoto anayeanza kutembea huonja kila anachokipata. Akiwa na kiu, na akiona chupa anayoijua, atainywa. Afrika Kusini wamegundua kwamba matukio haya huongezeka majira ya joto. Nasi tunaokaa Voi tunalijua joto, na tunaijua shida ya maji.

Lakini Afrika Kusini wametupa pia habari njema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, familia za eneo moja la mashambani ziligawiwa vyombo 20,000 vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa ilipungua karibu nusu. Akina mama hawakuhubiriwa zaidi, wala watoto hawakuchapwa. Kilichobadilishwa ni chombo.

Kwetu hali imeanza kubadilika kwa njia nyingine. Umeme na taa za sola zimefika katika nyumba nyingi, na tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, watu wengi wameyapunguza. Tungeweza kusema hatari imeondoka. Lakini mwaka 2008 kodi ya pikipiki ndogo iliondolewa, na bodaboda zikaenea kila kijiji. Leo petroli ya bodaboda inauzwa kando ya njia ndani ya chupa zile zile za soda na maji. Koroboi imezimika, chupa imebaki. Tena petroli ni nyepesi kuliko mafuta ya taa, na inawaka upesi zaidi.

Kwa hiyo, mama, wekeni sheria moja nyumbani: kitu kisicholiwa kisikae ndani ya chombo cha chakula au kinywaji. Tafuteni jerikeni moja ndogo yenye kifuniko kinachokaza, msiibadilishe kazi kamwe. Iwekeni juu, mahali mtoto hafiki, si chini ya meza wala nyuma ya mlango. Mkirudi kutoka dukani, iwekeni mahali pake kabla ya kufanya jambo jingine. Na mwenye duka au mwenye bodaboda mkumbusheni sheria hiyo hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu

1. Nyumbani kwako leo, mafuta ya taa au petroli yamo katika chombo gani, na kimewekwa wapi?

2. Mtoto akinywa mafuta usiku, utampeleka wapi, na nani atakusafirisha?

3. Utamwelezaje nyanya au jirani anayesisitiza kwamba mtoto atapishwe?

Mpe jirani habari hizi.